Natafutia nyumba mbwa mdogo mwenye ugonjwa wa moyo (Dar) – nasema ukweli wote humu

mtu_wa_zamu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Uzi utakuwa mrefu naomba mnivumilie, nataka niseme kila kitu mwanzoni kwa sababu mara ya kwanza sikusema na aliyeumia ni mbwa, sio mimi.

Anaitwa Kashata. Jike, kilo nane na nusu, mweupe mwenye mabaka rangi ya sukari iliyoungua ndio maana nikampa hilo jina. Daktari kwa kuangalia meno alikadiria miaka nane mpaka kumi. Ana damu ya spitzi, wale weupe mkia umejikunja mgongoni, amechanganya na wetu wa kienyeji. Nilimkuta Kunduchi mwezi wa nne masika imepamba moto, amejikunyata chini ya meza ya muuza chipsi, amelowa chapachapa, na shingoni ana mstari mzima hauoti manyoya mpaka leo, alama ya mnyororo. Yule kaka wa chipsi akaniambia ana wiki nzima pale, waliokuwa wanamfuga walihama nyumba wakamwacha getini. Nikambeba kwenye bajaji nikamfunika na koti la mvua.

Usiku alikuwa anakohoa. Kikohozi kikavu kama mtu aliyekwamwa na kitu kooni, halafu anatulia, halafu tena saa tisa usiku. Nikajua ni mafua ya mvua. Nilipompeleka kwa daktari wa mifugo akamsikiliza kifua muda mrefu sana, akanipa masikio ya kile kipimo na mimi nisikilize. Badala ya du-du, du-du, unasikia shhh katikati ya mapigo, kama maji yanapita kwenye bomba lenye tundu. Akanieleza kwamba moyo una milango, na ule wa upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini kwa Kashata umechakaa, haufungi sawasawa, kwa hiyo kila pigo damu kidogo inarudi ilikotoka. Chumba cha juu kinatanuka taratibu, na ukiacha bila dawa inafika siku maji yanaanza kujaa kwenye mapafu. Akasema ndio ugonjwa wa moyo unaowapata zaidi mbwa wadogo wakizeeka. Akataka nirudi kupiga ekisirei, nikasema nitarudi nikipata hela.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Mwezi wa sita nikapata familia moja, watu wazuri, watoto wawili, nyumba ina uwanja. Nikawaambia mbwa mzima, ana kikohozi kidogo tu kitaisha. Niliogopa nikitaja moyo watakataa. Wiki ya tatu watoto walikimbizana naye jua la saa nane mchana, usiku akashindwa kulala. Alikaa viwiko vimetanuka, shingo ameinyoosha mbele, anahema mdomo wazi, kila akijaribu kulala anainuka. Wao wakadhani kala sumu ya panya wakampa maziwa. Alfajiri ndio nikapigiwa simu. Nilifika fizi zake zimekuwa za kijivu zinaelekea bluu. Tukampeleka mbio akawekewa oksijeni na sindano ya kutoa maji, masaa matano nimekaa chini sakafuni pembeni yake sijui kama atapona.

Alipona. Mama wa ile familia aliniambia neno moja ambalo silisahau: "Kaka, ungeniambia ningemchukua hivyohivyo, ila ningejua cha kuangalia." Mtoto wake mdogo alikuwa anaogopa hata kumshika tena. Sikuwalaumu kumrudisha, kosa ni langu.

Ndio maana safari hii nasema yote. Mimi siwezi kuendelea kukaa naye kwa sababu nafanya kazi ya zamu, masaa kumi na mbili na kuna wiki za usiku, nimepanga chumba nyumba ya wapangaji wengi, na dawa zake hazitaki kuruka saa. Na joto la Disemba mpaka Machi hapa Dar linakuja, chumba changu cha bati mchana kinakuwa tanuri.

Anachohitaji: mtu anayeshinda nyumbani au nyumba yenye mtu muda wote. Dawa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Moja inaitwa pimobendani, inausaidia moyo kusukuma na kulegeza mishipa, hiyo anapewa tumbo tupu, chakula baada ya saa nzima. Nyingine ni furosemaidi, hii hii wanayopewa wazee wetu wenye kuvimba miguu, ipo kila duka la dawa na ni rahisi. Hii inamfanya akojoe sana na anywe maji sana, TAFADHALI usimnyime maji ukidhani unapunguza mkojo, utamuua figo. Usiku atakuamsha mara moja kutoka nje. Chumvi hapana, kwa hiyo ng'onda, dagaa wa chumvi, soseji, mabaki ya pilau vyote hapana (na kitunguu ni sumu kwa mbwa yeyote, mwenye moyo mzima au mbovu). Anakula ubwabwa na kuku wa kuchemsha bila chumvi, samaki ukimtolea miba anafurahi mpaka anapiga chafya. Asifungwe kamba shingoni, ana mkanda wake wa kifuani nitampa.

Na kitu kikubwa kuliko vyote ni kuhesabu pumzi. Akishalala fofofo unaangalia ubavu, kupanda na kushuka ni moja, unahesabu dakika nzima. Chini ya thelathini sawa. Ikipita thelathini rudia baadaye kidogo, ikibaki juu mpigie daktari siku hiyohiyo, usingoje kesho. Mimi nahesabu kila nikirudi zamu, nazima taa nawasha mwanga wa simu nauelekeza ukutani usimuamshe, miguu yake inachezacheza anaota. Huwa ni 22 mpaka 26. Naandika kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya mlima, ina namba tangu mwezi wa saba.

Na ukweli wa mwisho. Mbwa aliyeshajaa maji mapafuni mara moja hana miaka mingi. Daktari alisema kwa dawa anaweza kupata mwaka hivi, wengine wanapata miezi tu, wengine wanafika miwili. Atakayemchukua ajue anamchukua kwa huo muda uliobaki. Dawa za miezi mitatu ya kwanza nalipa mimi. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ipo.

Ni mpole sana. Ukikaa chini anakuja anakuwekea kidevu juu ya kiatu.

---

kijana_wa_temeke

Pole sana mkuu. Mimi nahitaji mbwa wa ulinzi duka langu limevunjwa mara mbili, huyu anabweka?

---

mtu_wa_zamu

Pole na wewe kaka. Hapana, huyu hakufai kabisa, akibweka sana anaishia kukohoa na akipata mshtuko anaweza kuzimia. Wewe tafuta watoto wa kienyeji wawili, chanja, lea vizuri, wale wana masikio hatari. Nikisikia mahali wapo nitakushtua.

---

mfugaji_wa_goba

Chotara wa spitzi hao wana soko. Nina dume safi kabisa, mlete tuzalishe mara moja hata kabla hujamtoa, watoto tugawane, hela utapata ya dawa.

---

mtu_wa_zamu

Nashukuru kwa wazo ila hapana. Mimba inaongeza kazi ya moyo na huyu moyo wake hata wa peke yake haumtoshi, atakufa na watoto tumboni. Na magonjwa haya ya vali (ile milango ya moyo) kuna mbegu zinarithishana, sasa unamuuzia mtu mtoto halafu baada ya miaka saba analia kama ninavyolia mimi.

---

mkweli_mchungu

Mleta uzi nisamehe lakini lazima mtu aseme. Kuna watu hawana hela ya dawa ya presha wanakufa, wewe unatafutia mbwa wa barabarani dawa ya kuagiza. Mpigishe sindano alale, ndio huruma ya kweli.

---

mtu_wa_zamu

Nimekusoma na sijakasirika, mama yangu mwenyewe ana presha na dawa zake nanunua mimi kila mwezi kabla ya kitu kingine chochote. Lakini hiyo hela ya Kashata nisingempa mgonjwa mwingine hospitali, ningeila tu, tuseme ukweli. Na kuhusu sindano nilimuuliza daktari siku ile ya oksijeni, niko tayari ikifika. Haijafika. Leo asubuhi amekula akamaliza sahani akaisukuma kwa pua mpaka mlangoni kuomba tena.

---

daktari_wa_ngombe_na_mbwa

Mimi ni daktari wa mifugo, naomba niongeze machache maana humu wanasoma wengi wenye mbwa.

Kwanza, kelele kwenye moyo sio hukumu. Tunazipanga daraja la 1 mpaka la 6 kwa ukubwa wa sauti, na mbwa wengi wenye kelele ndogo wanaishi miaka bila kuhitaji kidonge hata kimoja. Kinachotupa picha ni je moyo umeshatanuka, na hilo huwezi kujua kwa sikio peke yake, unahitaji ekisirei au ultrasaundi. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2016 unaitwa EPIC, mbwa 360 wenye ugonjwa huu huu wa vali, moyo umeshatanuka ila hawajaanza dalili. Waliopewa pimobendani walichelewa kufika kwenye hatua ya kujaa maji kwa wastani wa miezi kumi na tano hivi ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Miezi kumi na tano kwa mbwa ni muda mrefu sana. Kwa hiyo mwenye mbwa mdogo amefika miaka saba nane, kila ukienda kuchanja mwambie daktari asikilize kifua, dakika mbili tu.

Pili, sio kila kikohozi ni moyo. Hawa wadogo wana shida ya koo la hewa kulegea pia, wanakohoa kama bata. Usikimbilie kumpa furosemaidi ya bibi yako. Ukimpa mbwa asiye na maji mapafuni unamkausha mwili na kumchosha figo. Na anayeitumia kwa haki apimwe damu ya figo na madini wiki moja mpaka mbili baada ya kuanza au kubadilisha dozi.

Tatu kuhusu kupumzishwa. Wakati unafika pale ambapo dozi imeongezwa mpaka mwisho na bado usiku hawezi kulala ubavu, au hataki chakula anachokipenda, au anazimia mara kwa mara. Kukosa pumzi ni mateso makubwa kuliko maumivu mengi, hapo usimsubirishe. Lakini mbwa anayekula, anayetikisa mkia na kulala usingizi wake, huyo anatibiwa.

Mleta uzi, alipimwa minyoo ya moyo? Ukanda wetu una mbu.

---

mtu_wa_zamu

Asante sana daktari, umenisaidia kusema nilichoshindwa. Ndiyo, alipimwa ile siku ya ekisirei, hana.

---

mama_wawili_mbagala

Samahani naomba kuuliza nina watoto, huo ugonjwa wa moyo au hiyo minyoo inaambukiza watu?

---

daktari_wa_ngombe_na_mbwa

Ugonjwa wa vali hauambukizi mtu wala mbwa mwenzake, ni uchakavu wa moyo wenyewe. Minyoo ya moyo inapitia kwenye mbu, huwezi kuipata kwa kumshika mbwa au kulambwa. Kwa mtoto wako wa kuogopa ni kichaa cha mbwa, na hicho kina chanjo, rudia kila mwaka na utunze kadi.

---

ukhti_wa_chumbageni

Assalam alaykum. Nimeusoma uzi wote machozi yananilengalenga. Sisi nyumbani hatuwezi kumuweka ndani, mate yake kwetu ni najisi, chombo akikilamba unakiosha mara saba na moja iwe kwa udongo, na bibi anaswali sebuleni, kwa hiyo sitadanganya kusema nitamchukua halafu nimfunge nje kwenye jua. Lakini kutomfuga ndani sio kumchukia. Tumefundishwa tangu madrasa habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake akasamehewa dhambi. Naomba nichangie dawa za mwezi wa nne baada ya hiyo mitatu yako. Niandikie inboksi namba ya duka la dawa nilipe hukohuko.

---

mtu_wa_zamu

Waalaykum salaam dada. Sina la kusema. Na umefanya jambo kubwa kusema mapema kwamba hakufai, hiyo ndiyo naomba kwa kila mtu. Afadhali hapana ya leo kuliko kurudishwa tena mwezi wa pili.

---

mnairobi

Sasa msee pole. Huku Nairobi tuna KSPCA, chama cha kulinda wanyama, hao wako kwa hii kazi tangu 1910, na mimi nimejitolea na watu wa kuokoa mbwa kwa muda kidogo, acha nikupe vitu nimejifunza. Usipeane mbwa kwa stendi ama kwa parking. Enda uone boma yenyewe, uangalie geti iko sawa, uone kama kuna mbwa mwingine mkubwa mwenye fujo, uulize ni nani hasa atakuwa anapea dawa, maana baba ndio huitisha mbwa lakini hausigeli ndio atalisha, basi ongea na huyo hausigeli. Andikeni karatasi: akishindwa anakurudishia wewe, hapeani kwa mtu mwingine. Na usikuje mara ya kwanza na mbwa, kuja pekee yako, watu wakiona macho ya mbwa hawakatai na kesho wanajuta.

Pimobendani ikikusumbua kupata hapo Dar niambie, huku naipata.

---

mtu_wa_zamu

Asante sana ndugu yangu, hiyo ya kuongea na anayelisha sikuwa nimewaza kabisa. Dawa kweli inanisumbua, mara ipo mara haipo, nakuandikia.

---

shangazi_wa_bigwa

Wanangu hamjambo. Mimi si mtu wa kuandika sana humu, mjukuu ndiye alinifungulia. Niko Morogoro, Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, jioni huku kuna upepo. Nilikuwa nesi miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu nashinda nyumbani na kuku wangu.

Nina maswali. Hiyo 22 mpaka 26 ni akiwa amelala kabisa au amejilaza tu? Anapanda ngazi, maana kibaraza changu kina ngazi tatu. Akizimia amewahi, mara ngapi? Dawa anameza au anatema? Na kuku atawafukuza?

Nauliza kwa sababu marehemu mzee wangu aliondoka kwa moyo kujaa maji. Mwaka wa mwisho alikuwa analala amekaa, mito mitatu mgongoni, mimi nasikiliza anavyohema gizani. Uliposema mbwa alikaa ameinyoosha shingo hawezi kulala nikaelewa bila kuelezwa.

---

mtu_wa_zamu

Shikamoo mama. Pole sana kwa mzee.

Hiyo namba ni akiwa amelala fofofo. Akiwa macho amejilaza inapanda kidogo. Ngazi tatu anapanda taratibu ila nitakuja kupima mwenyewe, naweza kuweka ubao. Amezimia mara moja tu, mwezi wa saba, alikuwa anamkimbilia mtu getini, sekunde chache akaamka. Dawa namfichia kwenye kipande kidogo cha kuku, ile ya tumbo tupu kipande kiwe kama ukucha tu. Kuku sijui mama, sitaki kukudanganya. Naomba nije kwanza bila yeye.

---

shangazi_wa_bigwa

Marahaba. Njoo Jumamosi. Hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, si mbali na hapa, nimeshamtuma mjukuu akaulize siku wanazopokea.

---

mtu_wa_zamu

MREJESHO wakuu.

Jumamosi ile nilienda peke yangu. Nyumba ina kibaraza cha saruji chenye kivuli cha mwembe mkubwa, sakafu ya ndani baridi. Mama alishaandaa daftari la shule, amepiga mistari kwa rula: tarehe, dawa asubuhi, dawa jioni, pumzi, chakula, mkojo. Nikamwambia yote tena mdomo kwa mdomo, habari ya ule usiku, habari ya mwaka mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Mwanangu, mwaka ni mwingi." Tukaandikiana karatasi kama alivyoshauri mnairobi, mjukuu akawa shahidi, na mjukuu nikamfundisha kuhesabu pumzi kwa kutumia mbuzi aliyekuwa amelala nje.

Wiki iliyofuata rafiki yangu akanipa lifti. Tuliondoka saa kumi alfajiri kukwepa foleni ya Kimara na jua, madirisha wazi, Chalinze tukasimama akanywa maji akakojoa, kadi ya chanjo na kibali cha afisa mifugo viko kwenye dashibodi. Morogoro tumeingia jua bado jepesi. Kashata alipanda zile ngazi tatu mwenyewe, akasimama kila ngazi. Kuku aliwaangalia tu, na jogoo akamfuata yeye mpaka akaja kujificha nyuma ya miguu yangu.

Nilipoanza kuaga alitaka kunifuata. Mama akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu, hakumuita. Kashata akasimama katikati yetu muda mrefu kidogo, halafu akaenda akaweka kidevu juu ya kandambili ya mama. Nikaondoka hapohapo, sikugeuka.

Daktari asante, dada wa Chumbageni asante, dawa zako zimeshalipiwa nimeziona, mnairobi kopo limefika salama. Yule mama wa ile familia ya kwanza nilimtumia picha, mtoto ameomba awe anatumiwa namba za pumzi.

Jana saa nne usiku nimepokea meseji kutoka Bigwa: "24. Amelala ubavu."

Wasimamizi naomba kichwa cha uzi kibadilishwe kiandikwe AMEPATA.